Bi Mazoezi na Hirizi ya Tumboni

Bi Mazoezi alikuwa akimwangalia mtu mgongo kwanza, uso baadaye. Ukikutana naye sokoni Chake hakusubiri ugeuke. Alikuita kwa jina ungali umempa kisogo, na ulipogeuka alikuwa ameshamaliza kukukagua na anajua umelalia ubavu gani. "Uso una adabu," alikuwa akisema. "Uso hufundishwa kucheka na wageni. Mgongo haujafundishwa kitu."

Kazaliwa wapi, mamake ni nani, babu yake alikuwa na mikarafuu kiasi gani, hayo sitayasema. Kwetu Pemba ukishautaja ukoo wa mtu, msomaji huacha kusoma akaanza kuhesabu nani kamuoa nani, na mwisho wake hugundulika kwamba huyo mtu ni shangazi yake. Jina lake nalo nimeliacha makusudi. Aliwahi kuniambia, "Siku utayonisifu mbele za watu, n'takuja n'kufinye," na mimi nakijua kidole chake. Alikuwa mtaalamu wa viungo katika hospitali ya mjini, kazi ambayo wengi wetu hatukuijua jina. Tuliona tu kwamba ukienda kwake unafanyishwa mazoezi mpaka unatokwa na jasho la uso. Sisi watoto tukamwita Bi Mazoezi, wakubwa wakatufuata, na hatimaye hata madaktari wenzake wakamwita hivyo hivyo.

Si kwamba hakukosea. Kuna siku alimsimamisha bwana harusi katikati ya zafa, madufu yanalia, akamwambia bega lake la kushoto limeshuka na aje hospitali Jumatatu. Kumbe joho lilikuwa la kuazima na mwenye joho alikuwa mpana kuliko bwana harusi. Watu walimcheka mwezi mzima. Yeye alisema bega lilikuwa limeshuka, na joho pia lilikuwa kubwa, na hakuna moja linalolizuia jingine.

Wala hakuyafuata aliyoyafundisha. Sisi alitukalisha wima mpaka shingo zikauma, yeye mwenyewe akiketi kitini kama gunia lililofunguliwa mdomo. Ukimtazama sana alisema, "Fanya n'nayosema, si n'nayofanya. Mgongo wangu huu umeshazoeana nami." Alitukataza sukari, na mtoto wa meza yake hakukosa kifurushi cha halua ya Wete kilichofungwa kwa gazeti. Alikuwa mkali kwa wazazi kuliko kwa watoto. Mama akija na mtoto wake akaanza kueleza yeye, alikatwa kauli: "Mgonjwa nani hapa, weye au yeye? Basi mwache aseme. Ana mdomo."

Na bahari alikuwa akiiogopa mno. Mzaliwa wa kisiwa, ndugu zake wengine wako kisiwani Fundo na wengine Kisiwa Panza, lakini kwenda kuwatazama ilikuwa kazi. Alisema Mwenyezi Mungu kamuwekea kila anachokihitaji upande huu wa maji, na aliyekosa kitu avuke yeye aje. Nalitaja hili kwa sababu maji hayo hayo aliyavuka kwa ajili yangu.

Mimi nilizaliwa na tundu la moyo. Nilipelekwa ng'ambo kuzibwa nikiwa mdogo wa kubebwa, na baada ya kuzibwa moyo ukawa unapiga polepole mno, unakaribia kusahau. Madaktari wakanitia betri ya moyo: kidude bapa, kama kiberiti kilichokaliwa, chini ya ngozi ya tumbo, na nyaya zake zinapanda ndani kwa ndani hadi moyoni kuukumbusha kazi yake. Nikarudi Kengeja mzima, nakimbia na wenzangu.

Bibi yangu ndiye aliyekipa kidude kile jina. Alikusanya watu wa nyumba akasema, "Ntoto wa kike hasemwi ana mashine. Atakuja kukosa ntu wa kumposa. Semeni ana hirizi." Basi ikawa hirizi. Nikianguka nikicheza, mama aliuliza, "Hirizi imegonga?" Majirani waliposikia hawakuona ajabu, kwa sababu nusu ya watoto wa mtaa walikuwa na hirizi zao, za shingoni na za kiunoni. Yangu walidhani imefungwa tumboni kwa kitambaa, na hapana mtu mwenye adabu anayemfunua mtoto wa watu akaangalia. Miaka ikapita, neno likazoeleka, hata mimi mwenyewe nikawa nasema hirizi bila ya kufikiri.

Kisha mgongo ukaanza kupinda. Wa kwanza kuliona jambo lile alikuwa fundi cherehani, bila ya kujijua. Mama alinishonesha buibui, pindo likawa refu upande mmoja. Akarudishiwa, akashona tena, likawa vile vile. Mama akamgombeza mpaka watu wakatoka nje, na fundi maskini hana kosa: aliyekwenda upande ni mimi. Uti wa mgongo ulikuwa unazunguka kama mzabibu unaotafuta mahali pa kushika, mbavu za kulia zinatoka nje, na pumzi zinakuwa fupi. Nikipanda kijilima cha chuoni, tulikosoma Kurani, nilifika wa mwisho.

Ndipo tukapanda gari ya abiria ya Kengeja kwenda kwa Bi Mazoezi. Aliniinamisha mbele, akapitisha kiganja mgongoni pole pole, akaguna. Halafu akauliza kama mtoto ana maradhi mengine. Mama akasema, "Hana, ila ana hirizi yake tumboni."

Lahaula! Kama kuna kitu Bi Mazoezi alikichukia kuliko kukaa upande, ni hirizi. Alimshukia mama kwa hotuba ya tauhidi ambayo shehe yeyote angeiazima kwa khutba ya Ijumaa. Kwamba hirizi ni kumshirikisha Mungu, kwamba karatasi na uzi havizuii ajali, na kwamba katika chumba chake haingii. "Mvue hapa hapa, tuitie motoni!"

"Haivuliki, Bi," mama akasema taratibu.

"Kwa nini haivuliki?"

"Ukiivua atakufa."

"Kakwambia nani? Nganga gani huyo?"

"Daktari."

Bi Mazoezi akanivuta karibu. Akaninyanyua nguo mwenyewe, akaona kovu, akaweka vidole juu ya kile kidude. Nakumbuka vidole vilikuwa vya baridi na vilikaa pale muda mrefu. Kisha akaketi, akamtazama mama kwa macho ambayo sijawahi kumuona nayo tena. "Mama wee," akasema, "angekuwa ntu mwengine kakuuliza, akakuamini?"

Kuanzia siku ile vita vikawa viwili: kuunyoosha mgongo, na kuliua lile neno. Mgongo wangu ulihitaji kupasuliwa, kazi hiyo ilikuwa haifanyiki kwetu, ilikuwa Dar es Salaam, na mtoto mwenye betri ya moyo hapasuliwi mgongo kama watoto wengine. Bi Mazoezi alitueleza kwa subira iliyonishangaza. Kuna mashine ya picha iliyo sumaku tupu, ambayo betri kama yangu ikiingia huenda ikavurugika na moyo ukasimama. Kuna chombo cha umeme wanachokaushia damu wakati wa kupasua, nacho huisemesha betri maneno isiyoyaelewa. Yote hayo yana dawa yake, alisema, mradi kila anayenishika anajua nina nini. "Anayejua hawezi kukuua. Anayeambiwa hirizi anaweza, tena huku anacheka."

Akanitungia maneno, akanifundisha kama tunavyofundishwa chuoni, kwa sauti na kwa mahadhi. *Nina betri ya moyo tumboni. Nisipelekwe kwenye sumaku. Muulizeni daktari wangu kwanza.* Kila mara nilipokwenda alinifanyisha mazoezi ya pumzi, napuliza mrija ndani ya chupa ya maji mpaka viputo vinajaa, na kati ya pumzi na pumzi nilisema maneno yale. Nikinong'ona alishika sikio: "Sikusikia. Na huko Dar watu wana kelele kuliko miye." Alinifanya niyaseme mbele ya wagonjwa, mbele ya mfagizi, mbele ya muuza maji aliyekuwa hana hili wala lile. Niliona haya nikataka ardhi ipasuke. Aibu ile bado naikumbuka.

Mama naye aliona haya kuliko mimi, akamkabili. "Bi Mazoezi, ntoto wangu hajaolewa. Weye unantangaza mjini mzima?"

Bi Mazoezi hakupandisha sauti. "Maiti haolewi," akasema, akaendelea kukunja mkeka.

Mama alilia njia nzima kurudi Kengeja. Lakini wiki iliyofuata alinirudisha, na hilo ndilo namshukuru mama yangu nalo mpaka leo.

Siwezi kueleza ilikuwaje Bi Mazoezi akaja bandarini Mkoani siku ya safari. Sisi tulidhani amekuja kutuaga. Alikuwa na mkoba wake, buibui kalikaza kichwani, uso umekuwa wa majivu kabla ya boti kung'oa nanga. "N'na likizo," akasema, na hakusema neno jengine mpaka Unguja, ila kuomba dua na kutapika. Kutoka Unguja hadi Dar alitapika tu. Mama alimshika kichwa, na nadhani urafiki wao ulianzia hapo.

Huko Dar daktari mpasuaji alikuwa bwana mrefu, mpole, anayekaa kitako akizungumza na mtoto. Alitueleza mpango wake. Mtaalamu wa betri atakuwepo chumbani tangu mwanzo mpaka mwisho, ataiambia betri ipige bila ya kusikiliza kelele za pembeni, na kazi ikimalizika atairudisha ilivyokuwa. Mimi nitalazwa kifudifudi juu ya mito iliyoachwa nafasi katikati ili kidude kisibanwe. Picha yangu itapigwa na mashine nyingine, isiyo na sumaku. Bi Mazoezi alimuuliza maswali mpaka yule bwana akacheka, akasema, "Mama, wewe ungekuwa unakaa hapa ningekupa kiti chako." Bi Mazoezi alifurahi siku nzima, akajifanya hakufurahi.

Basi kila kitu kilikuwa kimepangwa, na bado kikaharibika, kama vitu vinavyoharibika: bila ya mtu mbaya. Asubuhi ya picha tulikuwa watoto kadhaa wa mgongo, tukachukuliwa pamoja, hakuna aliyekumbuka kunitenga. Bi Mazoezi alikuwa amelala, tumbo la bahari limemrudia. Tukakalishwa kwenye ukumbi, na aliyekaa pembeni yetu akimsubiri mtoto wake ni mke wa mwenye duka mmoja wa Mkoani, anayetujua, na anayejulikana kwa ulimi. Mhudumu akaja, kijana mzuri mwenye heshima, akamuuliza mama, "Mtoto ana kitu chochote mwilini, chuma, mashine?"

Mama alimtazama mke wa mwenye duka. Miaka yote ile ya neno la bibi ikamrudia mdomoni.

"Hana," akasema. "Ila hirizi yake tu."

Kijana akatabasamu. "Ah, Wapemba. Ivueni basi."

"Haivuliki. Iko ndani."

Ndani. Kwa mama, ndani ya mwili. Kwa kijana, ndani ya nguo. "Haya, kama ni karatasi na kitambaa tu, ikae huko huko ndani," akasema kwa upole, asije akatuvunjia imani yetu. Akanishika mkono. Mama hakujua kwamba mlango ule ndio wa sumaku. Kwake picha zote zilikuwa picha.

Tulipita mlango mmoja, tukafika wa pili. Kupitia kioo niliona duara kubwa jeupe, lina tundu katikati, linagonga kama mtu anayepasua nazi za shughuli. Nikauliza, "Kaka, hiyo ni sumaku?"

"Ndiyo, lakini haiumi."

Sikufikiri. Nasema kweli, sikuwa shujaa, mdomo ulifunguka wenyewe kwa yale mahadhi ya chuoni, na kwa sauti ile ile ya kushikwa sikio: *Nina betri ya moyo tumboni! Nisipelekwe kwenye sumaku! Muulizeni daktari wangu kwanza!* Nikayarudia, na nikayarudia tena, na sikunyamaza hata waliponiambia ninyamaze. Kijana akauachia mkono wangu kama umemuunguza. Akanipandisha shati kwa ruhusa yangu, akaona kovu, akakaa chini sakafuni. Nilipotolewa nje ukumbi mzima ulikuwa umesimama, na mama ameegemea ukuta, mikono kichwani, anasema, "Ni mimi, ni mimi."

Bi Mazoezi alipoambiwa hakumgombeza mama. Alimkumbatia. Kisha akanigeukia mimi. "Ulisema kwa sauti au ulinong'ona?"

"Kwa sauti."

"Walisikia mpaka wapi?"

"Mpaka ukumbini."

"Basi," akasema, akatoa halua mkobani, akanikatia kipande kikubwa kuliko chake. Sijapata kula halua nyengine yenye ladha ile.

Mke wa mwenye duka, ambaye mama alimuogopa kuliko sumaku, alikuja jioni na birika la uji wa pilipili manga na hakuuliza kitu. Habari kweli ilifika Mkoani kabla yetu, lakini alivyoihadithia yeye mimi ndiye niliyeshinda, na posa zilipokuja zilikuja zikijua kila kitu. Mume wangu huniuliza nikiwa mchovu kama nimesahau kujichaji.

Nilipasuliwa siku chache baadaye. Nilipozinduka, kitu cha kwanza kukisikia ni moyo wangu, na cha pili ni sauti ya Bi Mazoezi ikiniambia nivute pumzi kwa sababu sikuletwa Dar kulala. Aliniketisha, akanisimamisha, akaniendesha wadini huku nalia, namwita majina ambayo siyaandiki hapa. Hakukasirika. Muda wote ule, tangu Kengeja mpaka pale, kila nilipoogopa alikuwa na jibu moja tu, analisema kama anayesoma saa ukutani: "Utarudi umenyooka." Sikuwahi kumsikia akisema inshallah pamoja na neno hilo, na yeye ni mtu wa inshallah hata kwa chai. Nilimwamini kwa sababu hiyo. Na nikarudi nimenyooka.

Mwaka jana nilikwenda kumtazama nyumbani kwake Wete. Amestaafu, nyonga zinamsumbua, anaketi vile vile kigunia. Nilimshika mkono nikambusu. "Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Nenda mpaka mlangoni, urudi."

Nikaenda, nikarudi. Akanigeuza, akapitisha kiganja juu ya kovu refu la mgongoni, pole pole, mfupa kwa mfupa. Nikasema nimekuja kumshukuru kwa maneno, maana miaka yote sijawahi kuyasema sawasawa. Kwamba kila pumzi ninayovuta nikipanda ngazi za skuli ninakosomesha inamkumbuka. Kwamba kilichonipa nguvu ni ile hakika yake.

"Hakika gani?" akasema. "Miye n'likuwa muongo, mwanangu. Sikujua kitu. Fungua kasha hilo, chini ya kanga."

Nikafungua. Chini kabisa kulikuwa na kitambaa cha bafta nyeupe, kimekunjwa vizuri, kimeanza kuingia rangi ya chai kwenye mikunjo. Harufu ya karafuu na kafuri. Nikakijua ni nini kabla hajasema.

"Sanda yako," akasema. "N'liinunua kabla ya safari. Ugenini, mamako na msiba, asihangaike madukani kutafuta bafta. Ilikuwamo mkobani siku zote zile. Kila n'pokwambia utarudi umenyooka, mkono wangu u juu yake."

Nikaitoa kashani. Yeye akajivuta, akainuka kwa fimbo, akaishika ile nguo. "Simama wima," akaniamrisha, na nikasimama. Akaweka ncha moja utosini kwangu, akaiacha ianguke mbele yangu. Ilipita kifua, ikapita tumbo na betri yake, ikaishia chini kidogo ya magoti.

Bi Mazoezi akainama kuitazama ilipokoma. Akaivuta kidogo, kama anayejaribu kuona kama itafika.

"Haikutoshi," akasema. Akanishika kwa mikono miwili, na nguo imo baina yetu, akaanza kulia. "Alhamdulillahi. Haikutoshi."